Kiti cha Smethwick: Kura, Nyumba na Rangi ya Jirani

Tarehe 1 Machi, 1923, huko Isoko, katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa nchi yetu, iliyoitwa Tanganyika wakati ule na kutawaliwa na Waingereza, alizaliwa mtoto wa wamisionari aliyepewa jina la Andrew Faulds. Tarehe 31 Machi, 1966, mtu huyo, ambaye sasa alikuwa mwigizaji mwenye sauti iliyojulikana na maelfu ya wasikilizaji wa redio ya BBC, alichaguliwa kuwa Mbunge wa Smethwick, mji wa viwanda ulio maili chache tu magharibi ya Birmingham. Wabunge wapya hupatikana katika kila uchaguzi, na kwa kawaida habari zao huishia katika magazeti ya mji wao. Lakini ushindi wa Faulds ulisomwa katika nchi nyingi, kwa kuwa kiti alichokikomboa ndicho kilichoitia Uingereza aibu mbele ya ulimwengu miezi kumi na saba kabla ya siku ile.

Jimbo la uchaguzi la Smethwick liliundwa mwaka 1918, likafutwa mwaka 1974. Kwa muda wa miaka hamsini na sita lilipitiwa na watu wa ajabu: mwanamke aliyekaribia kuweka historia, tajiri aliyegeuka kuwa kiongozi wa mafashisti, mtu aliyekuwa Mbunge kwa siku moja, na Waziri aliyeangushwa na chuki ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuinamia. Yafaa historia hii isimuliwe kwa utaratibu, maana ndani yake mna fundisho kwa kila nchi inayopiga kura, na kwa kila chama kinachoomba kura hizo.

MJI WA CHUMA, VIOO NA MIZANI

Smethwick ulikuwa mji wa kazi. Hapo ndipo Matthew Boulton na James Watt walipojenga kiwanda chao cha kutengenezea injini za mvuke katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na nane. Baadaye kiwanda kile kikachukuliwa na kampuni ya Avery, watengenezaji wa mizani, ambao jina lao lilijulikana katika maduka na maghala ya nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Hapo pia palikuwa na kiwanda cha vioo cha Chance Brothers, kilichotoa vioo vya jumba kubwa la maonyesho la Crystal Palace mwaka 1851, na kilichotengeneza vioo vya taa za minara inayoongoza meli katika bahari nyingi za dunia. Na palikuwa na viwanda vya kuyeyusha na kusubu chuma na madini mengine, kazi ya joto, moshi na jasho, ambayo mwenye kupata nyingine aliikimbia.

Katika mji wa namna hiyo twategemea kwamba chama cha wafanya kazi kitashinda bila taabu. Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo viongozi wa vyama walioko London waliiona Smethwick kama nyumba ya kupangisha: kila walipokuwa na mtu mkubwa asiye na kiti, walimtafutia nafasi huko.

Mgeni wa kwanza wa namna hiyo alikuwa Christabel Pankhurst. Mwaka 1918 Bunge la Uingereza liliwapa haki ya kura wanawake waliotimiza miaka thelathini na kuwa na masharti fulani ya mali, na likawaruhusu wanawake kugombea ubunge. Bibi Pankhurst, binti wa Emmeline Pankhurst, alikuwa miongoni mwa walioongoza mapigano ya kudai haki hiyo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Akasimama Smethwick kwa Chama cha Wanawake, akiungwa mkono na Serikali ya mseto ya Lloyd George. Mpinzani wake alikuwa J. E. Davison wa Labour, mtu wa vyama vya wafanya kazi. Kura zilipohesabiwa, Davison alikuwa na 9,389, na Bibi Pankhurst 8,614. Kwa upungufu wa kura 775 Smethwick ikakosa sifa ya kumpeleka Bungeni mwanamke wa kwanza aliye tayari kukikalia kiti chake. Maana katika wanawake kumi na saba waliogombea mwaka ule alishinda mmoja tu, Constance Markievicz wa Dublin, naye, kama wenzake wa chama cha Sinn Féin, alikataa kuingia katika Bunge la Waingereza.

TAJIRI ALIYEJIITA NDUGU WA WAFANYA KAZI

Davison alikitunza kiti chake mpaka mwaka 1926, akajiuzulu. Hapo akaletwa Oswald Mosley. Mtu huyu alizaliwa katika ukoo wa mabwana wenye ardhi, akamwoa binti wa Lord Curzon aliyewahi kuwa mtawala mkuu wa Uhindi. Aliingia Bungeni mara ya kwanza kwa tikiti ya chama cha Conservative, akakiacha, kisha mwaka 1924 akajiunga na Labour. Magazeti ya upande wa pili yalimcheka, yakiuliza ni lini mwenye mali nyingi kama yeye amekuwa ndugu wa mtu wa kiwandani. Wapiga kura wa Smethwick hawakujali. Katika uchaguzi mdogo wa Desemba 1926 walimpa kura 16,077, zaidi ya mpinzani wake kwa 6,582, na mwaka 1929 wakamrudisha.

Mosley alikuwa msemaji hodari, na katika Serikali ya mwaka 1929 alipewa kazi ya kusaidia kutafuta dawa ya ukosefu wa kazi. Mashauri yake yalipokataliwa alijiuzulu, akaunda chama chake mwenyewe mwaka 1931, akaihama Smethwick na kwenda kugombea Stoke, akashindwa. Mwaka 1932 akaanzisha chama cha mafashisti wa Uingereza, wenye mashati meusi, waliowatisha Wayahudi wa London. Wakati wa vita vya Hitler Serikali ilimtia kizuizini. Mwaka 1959 alijitokeza tena, akagombea Kensington ya Kaskazini, mtaa uliokuwa umeingia katika ghasia za rangi mwaka uliotangulia, akitaka watu weusi warudishwe makwao. Wapiga kura walimkataa hata akapoteza fedha zake za dhamana.

Msomaji ataona kwamba mbegu ile Mosley hakuipanda Smethwick. Alipokuwa Mbunge wa huko alizungumza juu ya kazi na mishahara. Lakini ni jambo la kufikirisha kwamba neno alilolisema Kensington mwaka 1959 likakataliwa, lilikuja kusemwa Smethwick baada ya miaka mitano na mtu mwingine, mwenye chama kikubwa na heshima ya kawaida, likakubaliwa.

Katika mwaka wa balaa kwa Labour, 1931, kiti kilichukuliwa na Roy Wise wa Conservative, akakaa nacho mpaka 1945. Katika uchaguzi ule mkubwa wa baada ya vita kura zilimwangukia Alfred Dobbs wa Labour. Matokeo yakatangazwa tarehe 26 Julai. Kesho yake Dobbs akafa katika ajali ya motokaa. Wapiga kura wakaitwa tena, na tarehe 1 Oktoba, 1945, wakamchagua Patrick Gordon Walker.

MKUKI KWA NGURUWE

Gordon Walker alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alikuwa mtu mwenye elimu na adabu, na mwaka 1950 Waziri Mkuu Attlee alimkabidhi wizara inayoshughulikia nchi za Jumuiya ya Madola. Hapo ndipo jina lake lilipoingia katika historia ya Afrika, na halikuingia kwa heri.

Seretse Khama, mrithi wa utemi wa Wabamangwato katika Bechuanaland, alikuwa amemwoa Ruth Williams, mwanamke Mwingereza, mwaka 1948 huko London. Watu wake walishauriana, wakabishana, na mwisho wakamkubali pamoja na mkewe. Lakini Serikali ya Afrika ya Kusini, iliyokuwa imeanza kutunga sheria za utengano, haikutaka kuona mpakani mwake mtemi Mwafrika mwenye mke Mzungu. Na Uingereza ilihitaji dhahabu na madini ya Afrika ya Kusini. Seretse akaitwa London. Mwezi wa Machi, 1950, Gordon Walker alitangaza Bungeni kwamba Seretse hatatambuliwa kuwa mtemi, na kwamba atakaa mbali na nchi yake kwa miaka mitano. Serikali ya Conservative iliyofuata ikaigeuza amri hiyo kuwa ya daima mwaka 1952. Seretse hakurudi nyumbani mpaka mwaka 1956, baada ya kuuacha utemi.

Yawezekana Gordon Walker hakumchukia mtu kwa rangi yake. Alifanya hesabu ya mwanasiasa: aliona kwamba hasira ya wabaguzi ni nzito kuliko haki ya mtu mmoja, akaitii. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hesabu ileile ilikuwa ikimngoja katika mji wake mwenyewe.

WALIOPEWA JEMBE SIKU YA KWANZA

Baada ya vita viwanda vya Uingereza vilikosa watu. Vijana wa Kiingereza walipata kazi nyepesi mahali pengine, na tanuri za Smethwick zikahitaji mikono. Mikono ikaja kutoka Punjab ya India na Pakistan, na kutoka visiwa vya Karibi. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wa Smethwick hawakungoja siku ya tatu. Walishika jembe siku waliyofika, nalo lilikuwa jembe la moto. Walifanya kazi za usiku, kazi za joto, kazi ambazo wenyeji walizikataa.

Kilichopungua ni nyumba. Mji wenye watu wapatao 70,000 ulikuwa na mitaa mingi ya nyumba kuukuu, na maelfu ya familia zilizokuwa zikingoja nyumba za baraza la mji kwa miaka mingi. Shida hiyo ilikuwapo kabla ya mgeni wa kwanza kushuka katika gari moshi. Mgeni naye, kwa kuwa hakuweza kupata nyumba ya baraza, na kwa kuwa wenye nyumba wengi walimfungia mlango, alilazimika kuchanga fedha na jamaa zake na kununua nyumba kuukuu, wakaishi wengi ndani yake. Hapo jirani yake akasema: tazameni jinsi watu hawa wanavyosongamana. Mtu anafungiwa milango tisa, kisha analaumiwa kwa kupita mlango wa kumi.

Mwaka 1961 wapangaji wa Price Street waligoma kulipa kodi kwa kuwa familia moja ya Kipakistani ilitaka kupewa nyumba katika mtaa wao. Barua za chuki zikajaa katika gazeti la mji. Baa nyingi ziliwatenga watu weusi, na vinyozi kadha wakakataa kuwanyoa. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hata klabu ya Labour ya mji huo, chama kilichohubiri udugu wa wafanya kazi wote, ilikuwa na ubaguzi wa rangi mlangoni mwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa Labour ulikuwa ndani ya nyumba yake.

OKTOBA 1964

Mgombea wa Conservative alikuwa Peter Griffiths, mwalimu mkuu wa shule ya watoto na kiongozi wa chama chake katika baraza la mji. Tofauti yake na wagombea wakubwa walioletwa Smethwick zamani ni kwamba alitoka pande zizi hizi, na aliyajua maneno yanayosemwa sokoni na katika baa. Alikuwa amegombea mwaka 1959 akashindwa kwa kura 3,544. Wingi wa kura za Gordon Walker ulikuwa ukipungua, lakini hakuna aliyedhani kwamba mtu atakayekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, ikiwa Labour itashinda, ataangushwa na mwalimu wa shule ya watoto.

Griffiths alidai uhamiaji uzuiwe, akaunganisha shida ya nyumba, ya shule na ya magonjwa na kuwapo kwa wageni. Wakati wa kampeni hiyo mjini palienezwa neno la matusi, lililowaambia watu kwamba anayetaka mtu mweusi kuwa jirani yake na aipigie kura Labour. Nalo lilitumia jina la dharau ambalo hatutalirudia hapa. Griffiths alisema si yeye wala chama chake waliolitunga. Alipoombwa alilaani alikataa, akasema kwamba ni maonyesho ya hisia za watu.

Na Labour ilifanya nini? Mwaka 1961 Gordon Walker alikuwa amesimama Bungeni kwa ushujaa kuipinga sheria ya Conservative ya kuzuia wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola, sheria iliyopitishwa mwaka 1962. Hotuba zile zilikuwa za heshima. Lakini katika Smethwick ya 1964 chama chake kilijitetea kwa karatasi iliyosema kwamba wahamiaji wengi waliingia wakati wa Serikali ya Conservative, kwa hiyo Labour isilaumiwe. Maana ya maneno hayo ni nini, isipokuwa kukubali kwamba kuwapo kwa watu hao ni kosa, na kilichobaki ni kumtafuta mkosaji? Mtu akikubali swali la adui yake, huwa amekwisha kulipoteza jibu.

Tarehe 15 Oktoba, 1964, nchi nzima iliielekea Labour, na Harold Wilson akawa Waziri Mkuu kwa wingi wa viti vinne tu. Smethwick ilikwenda upande mwingine. Griffiths alipata kura 16,690, Gordon Walker 14,916. Kiti cha miaka kumi na tisa kikapotea kwa kura 1,774. Siku iyo hiyo Fenner Brockway, rafiki wa miaka mingi wa wapigania uhuru wa Afrika, ambaye mara kwa mara alileta Bungeni mswada wa kuukataza ubaguzi, alishindwa huko Eton na Slough kwa kura kumi na moja.

Wilson alikasirika. Siku Bunge lilipokutana alisema kwamba Griffiths atakaa humo kama mkoma mpaka uchaguzi ujao, na Wabunge wa Conservative wakatoka ukumbini kwa hasira. Gordon Walker alipewa uwaziri ingawa hakuwa na kiti, kisha akatafutiwa jimbo la Leyton, London. Ili nafasi ipatikane, Reginald Sorensen, mtetezi wa siku nyingi wa uhuru wa makoloni, alipelekwa katika Baraza la Malodi. Wapiga kura wa Leyton hawakupenda kuamuliwa mambo yao. Januari 1965 wakamkataa Gordon Walker kwa kura 205, naye akauacha uwaziri.

MARSHALL STREET

Ushindi wa namna hii hauishi siku ya kuhesabu kura. Katika Marshall Street wakazi Wazungu waliomba baraza la mji linunue nyumba zinazouzwa mtaani mwao na kuwapangisha Wazungu peke yao, na baraza likakubali. Mpango ule ulikwama kwa sababu Waziri wa Nyumba, Richard Crossman, alikataa kuliruhusu baraza likope fedha kwa kazi hiyo.

Tarehe 12 Februari, 1965, Malcolm X, kiongozi wa Wamarekani weusi, alifika Smethwick kwa mwaliko wa Chama cha Wafanya Kazi wa Kihindi. Miezi minne nyuma, katika mwezi uleule wa Oktoba wa uchaguzi wa Smethwick, mtu huyu alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Sasa alitembea katika Marshall Street, akaingia katika baa iliyowatenga watu wa rangi, akawaambia waandishi kwamba amesikia watu weusi wa huko wanatendewa kama Wayahudi walivyotendewa na Hitler. Siku tisa baadaye aliuawa mjini New York.

Mwaka 1966 Griffiths aliandika kitabu, na ndani yake akazungumza juu ya mpango wa utengano wa Afrika ya Kusini kama jambo linaloweza kufikiriwa, kama ungeweza kuondolewa chuki ya rangi. Ni sawa na kusema kwamba sumu ni chakula kizuri kama ingeondolewa sumu yake.

KITI KILIRUDI, HOFU IKABAKI

Mnamo Machi 1966 Wilson aliitisha uchaguzi mwingine. Hapo ndipo alipokuja Andrew Faulds, mzaliwa wa Isoko. Alikuwa na ndevu nyingi na sauti kubwa, na inasemekana aliyemtia moyo wa kuingia katika siasa ni Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mkuu wa Wamarekani weusi. Faulds hakuinama. Alisema waziwazi kwamba ubaguzi ni uovu, akamshinda Griffiths kwa kura 3,490. Miezi sita baadaye, tarehe 30 Septemba, 1966, Bechuanaland ikawa Jamhuri huru ya Botswana, na Rais wake wa kwanza akawa Seretse Khama. Kwa hiyo katika mwaka mmoja yule aliyefukuzwa nchini mwake alikabidhiwa nchi yake, na kiti cha aliyemfukuza kikashikwa na mzaliwa wa Afrika.

Wengi waliishangilia Smethwick kama mgonjwa aliyepona. Sisi twaona kwamba hesabu yafaa ifanywe kwa uangalifu zaidi. Tuangalie Serikali ya Labour ilivyotenda kati ya chaguzi hizo mbili na baada yake. Mwezi wa Agosti, 1965, ilitangaza kwamba vibali vya kazi kwa watu wa Jumuiya ya Madola vitapunguzwa mpaka 8,500 kwa mwaka. Ndicho chama kilichoipinga sheria ya 1962 kwa maneno makali. Mwaka uleule ilipitisha sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi, nayo ni jambo la sifa. Lakini sheria ile iligusa mahoteli, mabasi na mahali pengine pa watu wote, ikaacha nje nyumba na kazi. Yaani iliacha nje yale mawili yaliyoigawa Smethwick. Hayo hayakuguswa na sheria mpaka mwaka 1968.

Na mwaka huo wa 1968 hofu ilifika hata Afrika ya Mashariki. Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza, ambao waliahidiwa wakati wa uhuru kwamba pasi hizo ni zao, walianza kuondoka Kenya kwa wingi. Bunge la Uingereza likatunga kwa muda wa siku tatu tu sheria ya kuwafungia mlango, isipokuwa mwenye pasi awe na mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza. Kila mtu alielewa ni nani wenye babu wa namna hiyo. Serikali iliyoileta sheria hiyo ilikuwa ya Labour, na katika Baraza la Mawaziri aliketi Gordon Walker, aliyekuwa amerudi Bungeni kutoka Leyton mwaka 1966. Mwezi wa Aprili mwaka uleule Enoch Powell, Mbunge wa Wolverhampton iliyo jirani na Smethwick, alitoa Birmingham hotuba yake mashuhuri ya kuwatisha Waingereza kwa habari za damu.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Labour ilikikomboa kiti cha Smethwick kwa mgombea asiyeinama, lakini katika Bunge ilikuwa imekwisha kuinama. Griffiths alikikalia kiti kwa miezi kumi na saba tu. Mashauri yake yalikaa katika vitabu vya sheria kwa miaka mingi. Chama kinachopoteza kiti kwa kutetea haki kinaweza kukipata tena katika uchaguzi ujao. Chama kinachoogopa kupoteza kiti, kikaifanya hofu ya mpinzani kuwa sera yake, kimekwisha kushindwa hata kama kimeshinda.

Hatusemi kwamba wapiga kura wa Smethwick walikuwa watu waovu kuliko watu wengine. Ni mji uleule uliompa Faulds ushindi, ukamrudisha mwaka 1970, na jimbo lilipofutwa mwaka 1974 na kuunganishwa katika Warley ya Mashariki, Faulds aliendelea kuwa Mbunge wa pande zile mpaka mwaka 1997. Mama aliyengoja nyumba miaka mingi alikuwa na haki ya kukasirika. Kosa ni la wale waliojua kwamba nyumba hazikujengwa, wakamwonyesha jirani yake badala ya kumwonyesha bajeti. Na la wale wengine waliojua hayo, wakanyamaza kwa kuogopa kura.

Mwaka 2024, mipaka ya majimbo ya Uingereza ilipochorwa upya, jina la Smethwick lilirudi katika orodha ya majimbo baada ya miaka hamsini. Mbunge aliyechaguliwa ni Gurinder Singh Josan wa chama cha Labour, Msikh mwenye asili ya Punjab. Yamkini wapo wazee wa Marshall Street waliosikia matokeo hayo wakakumbuka zamani. Hata hivyo tusidanganyike kwamba ugonjwa huu ni wa mji mmoja, wa rangi moja, au wa karne iliyopita. Kila nchi ina jirani wake wa kusingiziwa: hapa ni mkimbizi, kule ni mtu wa kabila jingine, pengine ni mfanya biashara wa dini nyingine. Wakati wa shida za nyumba, kazi na bei hupatikana daima mtu wa kuwanyoshea kidole hao, kwa kuwa kunyosha kidole ni rahisi kuliko kujenga.

Kwa hiyo mwenye kuomba kura akija na habari za jirani, aulizwe habari za nyumba: ni ngapi zitajengwa, kwa fedha gani, na lini? Asipokuwa na jibu la hayo, basi hakuja kuondoa shida ya watu, amekuja kuitumia.